Kambare wa kioo na baridi ya Kyerwa

Mwambie mtu wa Rubwera kwamba nyumbani kwenu mnafuga samaki sebuleni. Swali la kwanza ni moja tu: mtamla lini? Ukiongeza kwamba samaki mwenyewe ni kambare, tena amewashiwa umeme ili apate joto, atakutazama usoni kuona kama u mzima. Sisi wenyewe usiku tunalala na mablanketi mawili, halafu samaki ana hita!

Jamani, msicheke. Jambo lenyewe lina fedha ya mtu ndani yake.

Mdogo wangu alimaliza kidato cha nne, akatafuta kazi, akachoka, akaamua kuanza na samaki. Ana tangi la kioo la lita 100. Mpango wake ni kununua vifaranga vya kambare vikiwa vidogo kama mbegu za tango, kuvikuza hadi vifikie urefu wa kidole, kisha kuviuza kwa watu wenye mabwawa. Pembeni ana kitangi kidogo chenye gogogo wawili, wale wa ndevu na miiba mikali. Hao ni wa kufurahisha macho tu. Mtaji ameahidiwa na shangazi yetu, na shangazi hana benki nyingine zaidi ya mibuni yake.

Kwa kuwa mimi ni mwandishi wa habari, ukoo mzima unaamini kwamba najua kila kitu. Basi swali likaletwa kwangu: maji yawe nyuzi joto ngapi?

Nilidhani jibu ni namba moja. Kumbe ukisema "kambare" umesema ukoo, hujasema mtu. Kuna wale wadogo wa Amerika ya Kusini wanaoitwa Corydoras, wanaopendwa sana na wafugaji wa matangi duniani. Hata wao kwa wao hawafanani: Corydoras paleatus anaridhika na maji ya baridi, kama nyuzi 18 hadi 23, wakati Corydoras sterbai anataka 24 hadi 28. Kuna gogogo wa Ziwa Tanganyika, Synodontis multipunctatus, ambaye ana tabia ya ajabu ya kupenyeza mayai yake kwa samaki wanaotunza watoto mdomoni ili wamlelee. Huyo nyuzi 24 hadi 27 zinamtosha. Halafu yupo kambare wetu, Clarias gariepinus, anayevuliwa mitoni na kwenye madimbwi karibu Afrika nzima.

Huyu wetu ni mgumu kama mwenye nyumba wa Dar. Anavumilia maji ya nyuzi 8, anavumilia ya 35. Maji yakiwa machafu na hewa ikipungua, anapanda juu anavuta hewa kama mimi na wewe, kwa sababu ana kiungo cha kupumulia nyuma ya matamvua. Ndiyo maana tangi lake halijazwi hadi ukingoni. Lazima kuwe na nafasi ya hewa chini ya mfuniko. Na mfuniko uwe mzito, maana anajua kutoka.

Lakini kuvumilia si kukua. Kambare anakua vizuri zaidi kwenye nyuzi 28 hadi 30. Chini ya hapo anapunguza kula, na chini ya nyuzi 18 hata habari za kuzaa anaziacha. Mayai yake yakiwa kwenye maji ya nyuzi 20 yanaweza kuchukua zaidi ya siku mbili kuanguliwa. Kwenye nyuzi 28, siku moja inatosha. Damu yake haina joto lake yenyewe. Joto la maji ndilo joto la mwili wake, ndilo linaloamua tumbo lifanye kazi kwa kasi gani.

Sasa hapo ndipo Kyerwa inapoingia. Wilaya hii, iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012, ni nchi ya vilima. Ziwa Victoria lenyewe liko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari, na sisi tuko juu zaidi ya ziwa. Asubuhi ukungu umelala kwenye migomba, na mwezi wa sita na wa saba usiku unauma. Usiku huo chumba cha mdogo wangu kilikuwa na nyuzi 17.

Muuzaji wa hita alimwambia aweke nyuzi 30, basi, kazi imeisha. Ni ushauri mzuri kwa mtu ambaye umeme wake haukatiki. Wetu unakatika. Usiku mmoja ulikatika saa mbili, maji yakiwa nyuzi 27. Tulipopima saa kumi na moja alfajiri, yalikuwa 21 na nusu. Ulipowaka, hita ikaanza kuyapandisha tena. Piga hesabu: hita ya wati 100 inahitaji zaidi ya saa moja kupandisha lita 100 kwa nyuzi moja tu. Kwa hiyo samaki alishushwa usiku, akapandishwa mchana, na kesho yake tena.

Kinachoumiza samaki zaidi ni huko kupanda na kushuka. Mwili wake unashindwa kujizoeza, kinga inalegea, na madoa meupe hayachelewi kuonekana kwenye ngozi. Mdogo wangu alikuwa na vifaranga kumi vya kujaribia. Vilipoacha kula aliona vimekonda, akaongeza chakula. Chakula kisicholiwa kikaoza, maji yakachafuka, na vitatu vikafa. Alilia mtu mzima yule, ingawa yeye anasema ni mafua.

Na wala usidhani joto zaidi ni heri zaidi. Maji ya nyuzi 20 yanaweza kubeba miligramu 9 hivi za oksijeni kwa lita. Ya nyuzi 30 yanabeba 7 na nusu. Hiyo ni usawa wa bahari. Huku juu kwetu ni pungufu ya hapo. Kambare mkubwa atapanda kuvuta hewa, lakini kifaranga kichanga bado hakijaota kile kiungo. Ukimpa maji ya moto bila pampu ya hewa, unamnyonga polepole.

Basi tukakubaliana hivi. Gogogo wakae kwenye 25. Vifaranga vya kambare viwekwe 26, namba ambayo nyumba yetu inaweza kuilinda, badala ya 30 ambayo inaonekana mchana tu. Tulifunga tangi pande tatu na chini kwa yale maboksi meupe mepesi yanayokuja na televisheni, na usiku tunalifunika blanketi kuukuu, tukiacha upenyo wa hewa. Umeme ulipokatika tena usiku kucha, maji yalishuka kutoka 27 hadi 24 tu. Ikizidi, tunaelezea chupa mbili za lita moja na nusu zenye maji ya moto yasiyochemka. Zinaongeza kama nyuzi moja na kitu. Maji ya kubadilisha yanalala ndani kwanza, hayatoki kwenye pipa la nje yakamwagwa moja kwa moja. Na kipimajoto kinunuliwe cha tangi. Kile cha kioo cha kupimia homa kinaanzia nyuzi 35, hakina la kukwambia.

Nje huko Uholanzi, nchi ya theluji, kambare huyu huyu wa Afrika wanamfuga ndani ya majengo, kwenye matangi ya maji ya moto, kwa faida. Wao wanalipia joto, na linakuwepo usiku na mchana. Sisi tuna samaki, joto tunalikopa.

Limebaki la shangazi. Kahawa inavunwa na kuuzwa miezi hii hii ya baridi, kwa hiyo fedha inakuja wakati maji ni mabaya kuliko yote. Mdogo wangu anataka kununua vifaranga 500 mara moja, kwa sababu anajua fedha ya kahawa ikikaa nyumbani inaota miguu: ada, msiba, bati la jikoni. Shangazi naye amemsikiliza, akamuuliza swali moja tu: "Mwanangu, wale watatu walikufa kwa nini?" Akamweleza yote, nyuzi kwa nyuzi.

Amempa fedha ya vifaranga 50. Nyingine ameiweka kwake hadi mwezi wa kumi, kwa sharti kwamba kila asubuhi amwandikie joto la maji kwenye daftari la shule. Nimeliona daftari. Jana alfajiri: 25.