Panya Hakuwepo

Lile gauni halikuliwa na panya. Nililiua mimi, kwa javeli, ndani ya beseni la plastiki, kwenye baraza yangu hapa Katogota.

Lilikuwa gauni la arusi la koko mmoja wa hapa kijijini, aliyeolewa kabla nchi haijaitwa Zaire. Mwili wake pamba, mikono imevimba mabegani, na chini marinda matatu. Weupe ulikuwa umegeuka rangi ya chai ya maziwa. Mjukuu wake anayesoma Uvira akaniletea picha kwenye simu: wasichana wa Harajuku, Tokyo, katika mavazi wanayoyaita lolita. Sketi inaishia magotini, imetanuka kama kengele juu ya jipo la ndani, na lesi kila ukingo. Baby, the Stars Shine Bright ni duka la huko linaloshona hivyo tangu 1988. Nilicheka kidogo. Mikono ile si ndiyo ya libaya za mama zetu? Nikaona kazi ni nyepesi: nipunguze urefu, niyapandishe marinda, nishone jipo. Nikaanza na madoa.

Aliyenifundisha ushoni alinionya kwamba nguo ya zamani haiguswi na maji kabla hujaijua. Unachomoa uzi mmoja kwenye mshono, unauchoma. Pamba hunuka karatasi. Nailoni huyeyuka ikawa kidonge kigumu. Hariri hunuka nywele, na majivu yake husagika vidoleni. Ni kazi ya dakika moja, na kiberiti kilikuwa karibu na pasi ya makaa. Lakini nimezoea nguo za balo, mashati na mashuka, ambazo naloweka zote pamoja. Nikapapasa mwili wa gauni, nikasema pamba, nikamwaga javeli ya kuondoa madoa.

Marinda yalikuwa hariri. Javeli hula hariri kama inavyokula sufu. Nilipoinua gauni, mwili ulitoka mweupe kabisa, na marinda yakabaki ndani ya maji kama utando wa maziwa.

Hapo bado ningeweza kusema. Badala yake nilianika kilichobaki, nikachukua makasi, nikalitafuna lile pindo polepole, huku na huku, mpaka likafanana na kazi ya meno. Sijawahi kukata kwa uangalifu namna ile.

“Panya, Koko,” nilimwambia.

Akaupapasa ukingo kwa kidole gumba. “Pole, mwanangu. Tukishaingiza mpunga ndani, hawatuachi.” Akanilipa uzi.

Nikaweka marinda ya nailoni ya sokoni. Msichana akalivaa, akapiga picha, akafurahi. Baada ya wiki moja Koko alikuja na kikapu. Ndani yake mtoto wa paka, zawadi, ili kazi yangu isiharibike tena.

Sasa paka amekua, analala chini ya mashini. Kila anapopita kwenda shambani, Koko husimama kuuliza kama anakamata.

Namjibu anakamata.