Jina la Kuazima

Programu ya mahesabu ya duka letu iligoma siku niliyopandisha kompyuta kutoka Ubuntu 20.04 kwenda 22.04. Nilibofya, dirisha halikufunguka. Nikaiita kwa amri kwenye skrini nyeusi, ikanijibu kwa mstari mmoja: hailioni faili la libssl.so.1.1.

Faili hilo ni la OpenSSL, maktaba inayosimba mawasiliano yasisomwe njiani. Programu nyingi hazibebi kila kitu zenyewe. Huazima kwa maktaba zilizomo kwenye mfumo, kama mtu anavyoazima kinu kwa jirani. Ubuntu 20.04 ilikuwa na OpenSSL 1.1.1. Hii mpya imekuja na OpenSSL 3, na ile ya zamani haikuwekwa tena. Nikatumia amri ya ldd, inayoorodhesha maktaba zote zinazotakiwa, nikakuta zinazokosekana ni mbili: libcrypto.so.1.1 nayo haipo. Ule mstari wa kwanza ulikuwa umetaja moja tu.

Nikafanya ujanja wa usiku wa manane. Yale mafaili ya toleo la 3 yaliyokuwepo niliyatengenezea viungo vyenye majina ya zamani. Nikaita tena. Safari hii programu ikalipata faili, ikachungulia ndani, ikalalamika kwamba OPENSSL_1_1_0 haimo. Kumbe kazi zilizomo kwenye maktaba hii zimegongwa mhuri wa toleo, na programu huukagua. Nilicheka peke yangu, kisha kicheko kikanikauka.

Baba alifariki mwaka juzi. Baada ya arobaini wazee walinikalisha kwenye kiti chake, mimi mwanawe wa kwanza, na shangazi akaanza kuniita kaka. Watu wakaja na mambo yao: huyu aliahidiwa ada ya mtoto, yule anadai mbuzi. Nikawa naitikia kila kitu, tena kwa sauti nzito nisiyoijua. Siku moja majirani wawili wakanipeleka shambani niwaonyeshe jiwe la mpaka lilikuwa upande gani wa mwembe, kwa kuwa baba alikuwepo lilipowekwa. Mimi sikuwepo. Nikanyoosha kidole, nikabahatisha. Hadi leo hawasalimiani.

Asubuhi nilivifuta vile viungo. Ningeweza kuitoa maktaba ya zamani kwenye hazina ya 20.04, wapo wanaofanya hivyo, lakini waundaji wa OpenSSL waliacha kutoa marekebisho ya bure ya usalama kwa toleo la 1.1.1 Septemba 2023. Mlinzi asiyetibiwa tena simtaki mlangoni. Nikampigia kijana aliyetuundia programu, akaijenga upya juu ya OpenSSL 3. Ilimchukua siku nne. Mauzo tuliyaandika kwenye daftari, na mke wangu akasema hesabu hazijawahi kukaa vizuri hivyo.

Jumapili shangazi akapiga simu. "Kaka, shikamoo yako utaipata ukija. Lile la mpaka limefika kwa mwenyekiti wa kijiji, wanakuhitaji."

"Shangazi, siku ile nilibahatisha. Jiwe silijui lilikuwa wapi. Nitakuja niwaambie hivyo."

Alinyamaza mpaka nikadhani simu imekatika. Kisha akaniita kwa jina langu la utotoni, ambalo hakuwa amelitamka tangu matanga, akaniuliza kama nimekula.