Kutoka Malindi hadi Calicut

Baina ya Malindi na mji wa Calicut, ambao leo huitwa Kozhikode, pana yapata kilomita 4,300 kwa mstari ulionyooka, na takriban masafa yote hayo ni maji. Ndege kubwa ingeyavuka kwa muda wa saa tano na kitu. Lakini ndege hiyo haipo. Kiwanja cha Malindi hupokea ndege ndogo za safari za karibu, kwa hivyo msafiri hana budi kwenda Nairobi, kisha Mumbai kwa muda wa saa sita hivi, kisha ateremke kusini hadi Calicut. Ukitia na kungojea viwanjani, siku nzima imekwisha.

Wazee wetu hawakuuliza ni maili ngapi, bali ni mwezi gani. Kusi huanza kuvuma Aprili na kuyasukuma majahazi kuelekea Bara Hindi. Kaskazi huyarejesha tangu Disemba. Aliyekosa msimu alingoja, na mkewe alimngoja.

Aprili 24, 1498, Vasco da Gama aling'oa nanga Malindi pamoja na rubani aliyepewa na mfalme wa mji huu. Mei 20 alikuwa ametia nanga karibu na Calicut: siku 26 tu. (Wengi tulisomeshwa kwamba rubani huyo ni Ahmad ibn Majid. Wanahistoria wengi wa leo hawakubali. Humtaja kuwa ni mtu wa Gujarati.) Wakati wa kurudi Mreno hakuungoja upepo. Aliiacha pwani ya Bara Hindi Oktoba 5, kusi imekwisha na kaskazi haijashika. Akaelea katika maleleji, mabaharia wake wengi wakafa kwa kiseyeye, na hakufika Malindi hadi Januari 7, 1499. Bahari ni ile ile, na safari imekuwa ya miezi mitatu.

Leo rubani yuko angani, wala hangoji kusi. Hata hivyo kungoja hakujaondoka majumbani mwetu, kwani wengi wanaovuka kwenda India sasa ni wagonjwa na wauguzi wao. Kwa mgonjwa, saa sita za ndege ndizo nyepesi. Uzito uko kwenye barabara ya kutoka nyumbani, kiti kigumu cha kungojea ndege ya pili, na dawa iliyofungwa ndani ya sanduku lisiloweza kufikiwa. Dawa zikae katika mkoba wa mkononi, na kiti cha magurudumu kiombwe siku ya kukata tiketi.

Mgonjwa huomba viza ya matibabu, na anayemuuguza huomba yake mbali. Jambo hili huwachelewesha wengi. Tena saa za India ziko mbele yetu kwa saa mbili na nusu. Anayeruka mchana kuelekea mashariki ataona alasiri imekuwa fupi na magharibi imemjia kwa haraka, basi asiitegemee saa ya Malindi kwa sala wala kwa kidonge.

Tarehe ya kurudi ndiyo ngumu zaidi, maana daktari huweza kuongeza wiki moja, na ya pili. Kabla ya kulipa, mwulize wakala kubadilisha tarehe kutagharimu kiasi gani.