Neno "Maumbile" na Saa ya Paley

Katika mwaka wangu wa mwisho wa kufundisha, niliwaeleza wanafunzi hoja ambayo William Paley, kasisi wa Kiingereza, aliichapisha mwaka 1802. Ukiokota saa nyikani, mpangilio wa vyuma vyake utakujulisha kuwa ina fundi aliyeiunda. Sembuse jicho, ambalo Paley alililinganisha na darubini? Nikahitimisha kwa kujiamini: "Basi maumbile yana Muumba."

Kijana mmoja akanyoosha mkono. "Mwalimu, maumbile si yametokana na kuumba? Umekwisha kumtaja Muumba kabla ya kumthibitisha."

Nilimwamuru aketi. Jambo hilo lingali likiniuma, kwani alikuwa sahihi. Lugha ilikuwa imenifanyia kazi ambayo hoja yenyewe haikuifanya. Kitenzi hicho ni cha kale: kwa Wabemba wa Zambia, kubumba ni kufinyanga chungu. Atamkaye maumbile amekwisha kuuona udongo mkononi mwa mfinyanzi.

Baadaye nilijaribu kusema asili badala yake, na hoja ikanywea. Ndipo nilipolielewa swali lililomo katika kitabu cha David Hume cha mwaka 1779: kwa nini tuufananishe ulimwengu na mashine, wala si na mmea unaoota wenyewe? Hata hivyo wafuasi wa Darwin nao hawakusalimika. Wasemapo "uteuzi wa asili", mteuzi amejificha humo.

Imani yangu ningali nayo, ila siitegemezi tena kwenye saa ile. Kijana yule, iwapo anasoma haya, aniwie radhi, hakustahili kuketishwa.