Kura za Mashabiki na Mhusika wa Kike katika Michezo ya Video

Usawiri wa mwanamke ni mada iliyozoeleka mno katika semina zetu. Tumemjadili Rosa wa Kezilahabi, tukamjadili Maimuna wa Said Ahmed Mohamed, na kila mara swali letu limekuwa: mwandishi amemuumba vipi? Msomaji aniwie radhi nikilihamishia swali hilo kwenye uwanja ambao baadhi ya walimu wangu huuona kuwa wa watoto, yaani michezo ya video. Huko nako kuna wahusika, ploti na migogoro. Kuna pia jambo ambalo riwaya aghalabu haina: mara nyingine mchezaji huulizwa angependa mhusika gani aongezwe. Hapo ndipo hoja ya uana inapokabiliana na hoja ya wingi wa kura.

Chukua Super Smash Bros., mchezo wa mapigano wa kampuni ya Nintendo ya Japani, unaowakutanisha wahusika kutoka michezo mbalimbali. Ulipotolewa mwaka wa 1999 ulikuwa na wahusika 12. Binadamu wa kike alikuwa mmoja tu, Samus Aran. Mwaka wa 2001 wakaingia akina Peach na Zelda, na orodha ikazidi kurefuka. Wapo mashabiki wanaodai wanawake waongezwe ili uwiano upatikane. Wapo wanaoshikilia kwamba nafasi ni chache, basi apewe anayependwa na wengi, awe mume, mke au mnyama. Mdogo wangu wa kiume ni wa kundi hili la pili. "Dada," huniambia, "mchezo si bunge. Hakuna viti maalumu."

Kauli hiyo si ya kupuuzwa. Mwaka wa 2015 Nintendo iliwaalika mashabiki wapendekeze wapiganaji. Mwezi Desemba alitangazwa Bayonetta, mchawi wa kike mwenye bastola mikononi na miguuni, kuwa ndiye kinara miongoni mwa wale ambao ingewezekana kuwaingiza mchezoni. Kura zilikuwa zimemleta mwanamke bila kiti maalumu. Hata hivyo, Oktoba 2021 mwelekezi wa mchezo huo, Masahiro Sakurai, alifichua kwamba aliyeongoza katika kura zote alikuwa mvulana, Sora wa Kingdom Hearts. Mdogo wangu hakuchelewa kunikumbusha.

Bayonetta mwenyewe ni kitendawili. Vazi lake limefumwa kwa nywele zake, na kila anapozitumia nywele hizo kwa uchawi, mwili hubaki wazi. Je, ni mwanamke aliyejikomboa, mwenye kuumiliki mwili wake, au ni pambo la macho ya wanaume? Aliyemchora ni mwanamke, Mari Shimazaki, na hilo halimalizi ubishi. Linatosha tu kuonyesha kwamba kuwahesabu wahusika wa kike hakutuambii wamesawiriwaje.

Naye Samus ana kisa ambacho mwanafunzi wa Kiswahili hawezi kukipita. Mchezo wa Metroid ulitoka mwaka wa 1986, na kijitabu chake cha maelekezo kwa Kiingereza kilimtaja kwa kiwakilishi cha kiume. Mchezaji alicheza akiamini kwamba ndani ya lile deraya mna mwanamume, na aliyemaliza upesi ndiye aliyefichuliwa ukweli. Kwa Kiswahili hila hiyo isingehitaji uwongo: kiambishi a- kingemsitiri Samus tangu mwanzo hadi mwisho, na mwandishi asingetamka neno la kumlaumu. Ila ufichuzi wenyewe una dosari. Aliyemaliza chini ya saa moja alimwona Samus katika vazi la kuogelea. Shujaa aliyeipigana vita yote akageuzwa kuwa tuzo ya mchezaji.

Mfano unaonikera zaidi ni Mass Effect, mfululizo wa kampuni ya BioWare ya Kanada. Humo mchezaji huchagua kama Kamanda Shepard atakuwa mwanamume au mwanamke. Mwaka wa 2011 kampuni hiyo ilisema ni asilimia 18 tu waliomchagua mwanamke. Mtu angeweza kuishia hapo na kusema umma umeamua. Lakini matangazo ya michezo miwili ya kwanza, ya mwaka wa 2007 na 2010, yalikuwa yametawaliwa na Shepard wa kiume. Uso wake ulitokana na mwanamitindo Mark Vanderloo wa Uholanzi, na hakuna shabiki aliyeombwa kuupigia kura. Ilipofika zamu ya kumtangaza Shepard wa kike, mwaka huohuo wa 2011, sura sita ziliwekwa kwenye Facebook ili watu wachague. Ikaongoza ile yenye nywele za rangi ya dhahabu, malalamiko yakazuka, ikaitishwa kura ya pili kuhusu rangi ya nywele, nyekundu ikashinda. Mwanamume aliteuliwa, mwanamke alipitishwa jukwaani kama mshiriki wa mashindano ya urembo. Kwa hiyo ninapoambiwa kwamba wengi wamemtaka fulani, huuliza kwanza wengi hao walikuwa wameonyeshwa nani, na kwa muda gani.

Toleo lililosanifiwa upya la mwaka wa 2021 lilipotoka, BioWare ilitoa hesabu nyingine: asilimia 68 kwa mwanamume, 32 kwa mwanamke. Safari hii mchezaji alikuta sura zote mbili zimetengenezwa tayari kwa ustadi. Siwezi kudai kwamba hiyo ndiyo sababu pekee ya ongezeko. Wachezaji nao si walewale.

Mdogo wangu ni mmoja wa hao waliohamia kwa Shepard wa kike. Nilidhani hoja zangu zimemwingia. Akasema hapana, ni sauti tu: Jennifer Hale, aliyemwigiza, hutamka kila sentensi kama mtu ambaye maisha ya wenzake yako mikononi mwake.