Bunduki Isiyopandisha Risasi

"Springi imechoka." Hivyo ndivyo wateja wangu wengi husema wakiingia na bunduki ya .22 ya kupampu, na wengine huja wameshanunua springi mpya. Simbishii mtu. Naipokea, naelekeza mtutu kwenye ndoo ya mchanga, nachomoa bomba lote la ndani la magazini, nainamisha mdomo chini, kisha napitisha kijiti cha mbao kwenye bomba la nje hadi mwisho. Mara nyingi kuliko mnavyodhani hudondoka risasi nzima, kutoka kwenye bunduki ambayo mwenyewe ameapa kuwa ni tupu.

Asiyeifanya kazi hii haoni hatari hiyo. Mteja amepampu nyumbani, hakuna kilichotoka, akaamini zimekwisha. Kumbe risasi ilikuwa imekwama kwenye bonyeo la bomba. Njiani gari limerukaruka, risasi ikajinasua. Chemba ukiichungulia ni safi. Pampu mara moja tu, na bunduki tayari ina risasi chembani.

Nafanya kazi Ohio, Marekani. Nikipiga simu Tanga na kusema natengeneza bunduki, ndugu zangu hunyamaza kidogo. Wanawaza za vita, au magobole. Hizi ni za kupigia shabaha na kuwindia kindi. Winchester Model 1890, iliyobuniwa na akina Browning, ilikuwa bunduki ya mabanda ya shabaha kwenye maonyesho; ikafuata Model 1906, kisha Model 62. Watu wamezirithi kwa babu zao. Msimu wa kindi hufunguliwa Septemba, kwa hiyo ikifika Agosti meza yangu haionekani kwa bunduki.

Sababu ya kutopandisha risasi ninayoikuta sana kwenye 1890 haina uhusiano wowote na uchakavu. Bunduki hiyo inazitambua risasi kwa urefu tu. Ndani yake kuna kipande cha chuma kinachopokea risasi kutoka kwenye bomba na kuipandisha usawa wa chemba, tunakiita kinyanyuzi. Kimechongwa kwa aina moja ya risasi, na aina hiyo imepigwa chapa juu ya mtutu. Kijana mmoja alitia .22 Short, iliyo fupi, kwenye bunduki ya Long Rifle, kwa kuwa boksi zote zimeandikwa .22. Short ikaingia kwenye kinyanyuzi, nafasi iliyobaki ikajazwa na pua ya risasi ya pili. Kinyanyuzi kinataka kupanda, lakini risasi hiyo ya pili kiwiliwili chake bado kimo bombani. Kijana akaona dawa ni kukaza mkono. Ushauri wa kutia Short alipewa na mjomba wake mwenye 1906, bunduki inayofanana na yake kwa sura, ila hiyo ilikuja kurekebishwa ikapokea Short, Long na Long Rifle bila kuchagua.

Huko kukaza mkono ndiko kunakonitisha. Risasi za namna hii baruti yake ya kuwashia imo ndani ya ukingo wa kitako cha ganda, wala si katikati. Ukingo ukibanwa kwa nguvu kati ya chuma na chuma, huenda ikalipuka ikiwa nje ya chemba, na ganda lenyewe ni shaba nyembamba mno. Ikikwama, mtutu uelekee pasipo na mtu, toa za bombani kwanza, halafu ndiyo uisumbukie hiyo moja.

Bonyeo la bomba halionekani kwa macho. Mtu aliibana bunduki kwenye jiriwa miaka ya nyuma, au aliangusha bomba la ndani wakati wa kujaza, likapinda kidogo. Ukipitisha kidole utalihisi. Springi ndefu zaidi haitibu kitu hapo: inazisukuma risasi kwa nguvu hadi kinyanyuzi kinakuwa kizito, na nta iliyo kwenye vichwa vya risasi inazidi kujipaka kila mahali. Changanya nta hiyo na mafuta ya kupuliza ambayo watu wanamimina bombani wakidhani wanasaidia, utapata uji kama wa mtama uliolala.

Halafu kuna chemba. Ukipiga Short siku nyingi kwenye chemba ya Long Rifle, mbele ya mdomo wa ganda hujengeka pete ya masizi na madini ya risasi. Siku ukirudi kwenye Long Rifle, haiingii hadi mwisho. Mteja anasema bolti ni mbovu. Nasugua kwa brashi ya shaba na kiyeyushi, pete inatoka, bolti inafunga. Nyingine zina kinundu kwenye ukingo wa chemba kwa sababu ya kufyatuliwa tupu mwaka mzima sebuleni. Pini inagonga chuma badala ya ganda. Hicho hurudishwa kwa kifaa maalumu cha kukandamizia, si kwa tupa.

Tupa! Niliwahi kuletewa kinyanyuzi kilichopigwa tupa mpaka kimepoteza mdomo. Fundi wa jirani alikuwa "anakilainisha". Winchester iliacha kutengeneza 1890 tangu kabla ya Vita Kuu ya Pili, kwa hiyo kipuri ni cha kutafuta kwenye bunduki iliyovunjwa, na kikipatikana bado lazima kiwe cha aina ileile ya risasi. Mteja alingoja majira ya baridi yote.

Kwa hiyo usiisafishe kabla ya kuniletea. Uchafu unanionyesha mengi. Leta maganda yaliyotoka, yale yaliyokunjika hasa, na boksi la risasi ulizokuwa ukitumia, lakini zikae mbali na bunduki. Nami nitakuomba uipampu mbele yangu kwa risasi bandia, maana wapo ambao hawaivuti hadi mwisho, wanaionea huruma kwa uzee wake, na hao nawarudishia bunduki siku hiyohiyo bila kuwatoza.