Mdomo Kwenda Upande: Je, Ni Kibao cha Jini?

Safari hii tumeona tuzungumzie maradhi yanayoonekana sana mitaani kwetu, Mji Mkongwe, Ng'ambo na hata mashamba. Mtu analala mzima, anaamka mdomo umekwenda upande, jicho moja halifumbi, chai inamtiririka kidevuni. Hajavaa hata viatu, nyumba nzima imeshasema: kapigwa kibao na jini. Wengine husema ni upepo au feni.

Sisi yalitufika kupitia mwalimu wetu wa tajwidi. Asubuhi moja herufi za midomo, yaani ba, mim, waw na fa, zilimkataa. Ba ilitoka na pumzi. Kwenye udhu, maji ya kusukutua yalimwagika kabla hajayazungusha kinywani. Wadogo darasani walilia. Jamaa zake walitaka kumpeleka shamba kwa mganga. Mwenyewe akasema Fat-ha ataisoma njiani, lakini njia ni ya hospitali.

Daktari alimwambia apandishe nyusi. Upande mmoja wa paji haukukunjika kabisa. Mshipa wa fahamu unaoendesha uso hutoka kwenye ubongo, ukapita katika tundu nyembamba ya mfupa nyuma ya sikio. Ukivimba humo hauna pa kutanukia, hubanika, na upande mzima wa uso hulegea. Kiharusi kwa kawaida huliacha paji likunjike, na mara nyingi huja na udhaifu wa mkono au mguu, au maneno kuparaganyika. Lakini kupambanua ni kazi ya daktari, si ya jirani, na kote kuwili ni kukimbilia hospitali.

Sababu ya uvimbe mara nyingi haipatikani kwa yakini. Wataalamu wengi wanashuku virusi vya herpesi, vile vinavyoleta vidonda vya mdomo, ambavyo hulala mwilini miaka kisha huamka. Virusi vya tetekuwanga navyo huweza, na hapo hutoka malengelenge sikioni. Wenye kisukari na wajawazito hupatwa zaidi. Feni haijathibitishwa.

Wazungu wameyapa jina la Charles Bell, tabibu wa Scotland aliyeueleza mshipa huo mwaka 1821. Waarabu waliyaita laqwa, na Abu Bakr al-Razi aliyaandikia karibu miaka 900 kabla ya Bell. Elimu hii imo katika vitabu vya matabibu wa Kiislamu, na sisi tunakimbilia kibao cha jini!

Dawa yake kubwa ni vidonge vya prednisoloni, vinavyotakiwa kuanzwa ndani ya saa 72. Utafiti wa Scotland uliotolewa 2007 ulionesha kuwa, baada ya miezi 9, watu 94 katika kila 100 waliopewa dawa hiyo walipona. Kwa wasiopewa ni 82. Kwa hiyo wengi hupona hata bila dawa, na hapo ndipo mganga anapopata sifa. Wale 18 waliobaki na uso uliopinda hawasemwi. Mtu wa Nungwi au Makunduchi akimaliza siku tatu kwenye mafusho, saa zake zimekwisha. Kusomewa Qur'ani hatukatazi, nasi mwalimu wetu tulimsomea, lakini vidonge alivianza siku ya pili. Wiki ya tatu jicho likaanza kufumba, na ba ikarudi kabla ya fa.

Vidonge hivyo hupandisha sukari, kwa hiyo asijinunulie mtu dukani. Mgonjwa wa Ramadhani ana ruhusa ya kula na kulipa baadaye.

Jicho ndilo linalosahauliwa. Lisilofumba hukauka na huweza kupata kidonda kikaharibu uoni. Litiwe matone mchana na marhamu usiku, kisha lifungwe kwa plasta laini wakati wa kulala. Anayepanda pikipiki avae miwani. Na ikipita miezi mitatu uso haujarudi, arejee hospitali aonwe na bingwa, kwani huenda sababu ni nyengine.